Barua ya wazi kwa waandaaji wa maonyesho ya ubunifu: mwacheni mgeni aiharibu picha

Kwa wakuu wa vyuo vikuu, wakurugenzi wa ubunifu na wajumbe wa kamati za maandalizi,

Waheshimiwa, poleni na kazi.

Mimi ni fundi wa maabara. Sina cheo cha kumtisha mtu, na jina langu halijawahi kuandikwa kwenye bango la mradi wowote. Kazi yangu ni mashine za picha: kamera za kawaida, kamera za joto, ultrasaundi, projekta na kompyuta zinazozihudumia. Chuo kinapofungua milango kwa maonyesho ya ubunifu, mimi ndiye ninayebeba masanduku, ninayetambaa chini ya meza kutafuta soketi, na ninayebaki usiku kukunja nyaya wakati wenye miradi wameshaondoka na vyeti vyao. Nimekaa nyuma ya mabanda haya muda mrefu, na yako mambo yanayoonekana vizuri zaidi ukiwa huko nyuma kuliko ukiingia na msafara wa mgeni rasmi. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za ndani nimeshaandika, na majibu yake nayajua.

Nianze na kosa langu.

Mwaka mmoja, katika chuo ambacho sitakitaja, banda letu lilipewa nafasi ya kwanza mlangoni. Skrini ndefu kama mtu, kamera juu yake, na bango: "Inua mkono, ujione ndani." Programu ilitakiwa imfuate mgeni na kumchorea mifupa inayokwenda sawa na mwili wake. Jioni ya kuamkia ufunguzi ikaanza kukwama. Tuliizima na kuiwasha hadi usiku mkubwa. Mwishowe aliyekuwa juu yangu akaamua: tumrekodi mwanafunzi mmoja akiinua na kushusha mikono wakati mashine bado inaitika, kisha rekodi ijirudie siku nzima. "Wageni ni wengi, hakuna atakayejua." Niliiweka mimi, kwa mikono yangu hii.

Na kweli, asubuhi karibu yote hakuna aliyejua. Watu wazima walisimama, wakainua mkono, wakaona mifupa inainuka, wakacheka, wakapita. Nikiwa pembeni niligundua kwamba walikuwa wanaisaidia. Mkono wa kwenye skrini ukichelewa, nao wanauchelewesha wa kwao, ukiwahi, wanaukimbilia. Waliifuata rekodi wakidhani rekodi inawafuata.

Kisha akaja msichana wa miaka kumi hivi. Akainua mkono, mifupa ikainuka. Akaushusha ghafla, na ule wa skrini ukabaki juu. Akakunja vidole viwili. Skrini ikampungia vitano. Akarudi nyuma hatua tatu, akatoka kabisa mbele ya kamera, akachungulia kwa pembeni. Mifupa ikaendelea kucheza peke yake. Akanigeukia, wala hakuwa amekasirika, akauliza: "Huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nalo siku ile, na kwa muda mrefu baadaye nimekuwa nikilitafuta.

Mtoto yule alifanya kitu ambacho mamia ya watu waliomtangulia hawakukifanya: alijaribu kuiharibu picha. Alitaka kujua itavunjikia wapi. Na ombi langu kwenu, waheshimiwa, ni hilohilo moja ingawa nitalizunguka kwa maneno mengi. Kila banda la teknolojia ya picha mnalolipa nafasi limwezeshe mgeni kuiharibu picha kwa mkono wake mwenyewe, aone imeharibikaje, kisha airudishe. Banda lisiloweza kufanya hivyo ni runinga, na runinga watu wanazo nyumbani.

Najua mtaniambia maonyesho yetu ni shirikishi, skrini zote zinaguswa. Kubonyeza kitufe ili video ianze hakumshirikishi mtu chochote. Mlango wa lifti nao una kitufe.

Kwa nini nang'ang'ania kuharibu? Kwa sababu watu wengi, hata wasomi, wanaamini kamera inachota kilichopo mbele yake kama ndoo inavyochota maji. Picha za leo hazichotwi. Zinajengwa, na kila anayejenga anakata shauri mahali fulani. Chukueni simu zilizo mfukoni mwenu. Juu ya kihisi cha kamera kuna kichujio cha rangi kilichobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ikatolewa 1976: nusu ya viraba vyake vidogo ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu. Kila nukta ya picha hupima rangi moja tu kati ya tatu, na mbili zilizobaki zinakisiwa kutoka kwa nukta jirani. Yaani theluthi mbili za rangi mnazoziona kwenye picha ya harusi zimekokotolewa, hazikupimwa. Hakuna ubaya wowote, ukokotoaji wenyewe ni mzuri sana. Lakini mtu anayelijua hilo hutazama picha kwa jicho jingine.

Au ile picha ya shimo jeusi la galaksi M87, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019. Hakuna aliyebonyeza kitufe ikatoka. Darubini za redio nane zilizotawanyika duniani zilikusanya data mwezi Aprili 2017, diski zikasafirishwa kwa ndege, kisha kazi ya kujenga picha wakapewa makundi manne yaliyofanya kazi kwa kujitenga, bila kuonyeshana, ili kila kundi lisijishawishi kuona kile wenzake wanachokiona. Walipofunua, yote manne yalikuwa na pete ya mwanga iliyozunguka giza. Mimi napenda habari ya makundi manne kuliko pete yenyewe. Wanasayansi wale walijua picha inaweza kumdanganya hata aliyeijenga, wakajiwekea mtego. Mabanda yetu yanaibandika pete ukutani na kuyaacha makundi manne nje.

Sasa niwaeleze banda linalofanya kazi, maana kulalamika tu ni rahisi.

Kamera ya joto moja, skrini moja, meza moja. Juu ya meza weka kipande cha kioo cha dirisha, mfuko mweusi wa plastiki ule mwembamba wa taka, na bati la alumini lililong'arishwa. Basi. Mgeni mwenye miwani akisimama mbele yake hucheka kwanza, kwa sababu lenzi za miwani yake zinaonekana nyeusi kama amevaa vifuniko. Anazivua, macho yanarudi. Anainua kioo cha dirisha mbele ya uso na uso unapotea. Kioo anachokiona kwa macho kuwa hakipo, kwa kamera ile ni ukuta. Halafu anaingiza mkono ndani ya mfuko mweusi, ambao kwa macho ndio ukuta, na vidole vyote vitano vinang'aa kwenye skrini. Kamera hizi hupokea miale ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 8 hadi 14. Kioo huizuia, plastiki nyembamba huipitisha, chuma kilichong'arishwa huirudisha kama kioo cha kujitazamia. Nimewaona watu wakilaza kiganja mezani, wakakiondoa, wakabaki wamekodolea macho alama ya mkono wao inayofifia polepole pale ambapo hakuna kitu. Hapo huhitaji kumweleza mtu kwamba joto lilihamia mezani. Anakueleza yeye.

Ila sehemu bora ya banda hilo ni kitufe ambacho wenye miradi wengi hukificha, kile cha kubadili rangi na mipaka ya vipimo. Mwachieni mgeni. Akikizungusha upande mmoja uso wake unakuwa mwekundu kama wa mtu mwenye homa kali. Akikizungusha upande wa pili, uso uleule, dakika ileile, unakuwa wa bluu kama wa maiti. Wengi wetu tulipitishwa mbele ya kamera za namna hii kwenye milango wakati wa UVIKO-19. Mtu aliyekizungusha kitufe kile kwa dakika moja ameshajua kwamba wekundu kwenye picha ya joto ni uamuzi wa aliyepanga rangi, na kwamba kamera inapima ngozi, haipimi kilichomo ndani ya mwili. Hakuna bango la maneno mia tatu litakalomfikisha hapo.

Ultrasaundi nayo, mashine inayochora picha kwa mwangwi wa sauti. Hapa nina maneno makali kidogo, mtanisamehe.

Mabanda mengi yanapenda kuwachukua wageni wakajilaza, wakapakwa jeli, wakaonyeshwa viungo vyao. Foleni inakuwa ndefu, wapiga picha wanafurahi. Niliwahi kusimama karibu na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anawaonyesha wageni shingo zao, mmoja baada ya mwingine, kwa ustadi na mzaha. Akafika kwa mama mmoja, akasogeza kifaa, akarudi pale pale, akatulia. Mzaha ukaisha. Hakusema kitu, lakini yule mama hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anamtazama yeye usoni. "Umeona nini?" Mwanafunzi hakuwa daktari, hakuwa na ruhusa ya kusema chochote, hakukuwa na chumba cha faragha wala mtu wa kumpigia. Nyuma yao watu ishirini wanasubiri zamu. Sikujua iliishaje, na ndicho kinachonisumbua: banda halikuwa na mpango wowote wa kujua.

Msiruhusu hilo tena. Kama hakuna daktari, faragha na utaratibu wa rufaa, mwili wa mgeni usiwe sampuli. Na wala hatuhitaji. Chemsheni jelatini, imiminwe kwenye chombo, ndani yake zizikwe gololi ya kioo, mpira mdogo na mrija uliojaa maji. Mgeni akigusisha kifaa bila jeli juu, skrini ni giza, kwa kuwa hewa kidogo tu iliyobaki katikati hurudisha karibu sauti yote. Akiweka jeli, vitu vinatokea. Nyuma ya gololi kuna kivuli cheusi kirefu, na mgeni atauliza hapo pana shimo gani. Hapana shimo, sauti haikupita. Kisha kuna hila ninayoipenda kuliko zote. Mashine haioni umbali, inahesabu muda wa mwangwi na kuchukulia kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde, wastani wa nyama laini za mwili. Ukiweka katikati kipande chembamba cha silikoni, ambamo sauti huenda polepole zaidi, sakafu ya chombo inaonekana imezama mahali hapo. Chombo ni kilekile, kimenyooka. Mgeni anakipapasa chini kwa vidole, kimenyooka. Anatazama skrini, kimebonyea. Siku hiyo ameijua mashine kuliko baadhi ya waliokuja kuiuza.

Hofu yangu juu ya miili ya watu kwenye maonyesho ina historia ndefu. Mwaka 1896, miezi michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kuugundua mwale wa eksirei, Thomas Edison aliuonyesha umma huko New York, watu wakapanga foleni kutazama mifupa ya mikono yao. Msaidizi wake Clarence Dally, aliyekuwa akiijaribu mirija inayotoa miale hiyo kwenye mikono yake mwenyewe, alianza kuungua ngozi, akakatwa mkono mmoja, ukafuata wa pili, akafariki 1904. Edison akaacha kabisa kazi ya eksirei. Wageni walitazama kidogo wakaenda zao. Aliyeumia ni mfanyakazi wa banda. Nalisema hili kwa ajili ya wanafunzi wanaosimama mbele ya vifaa vyenu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mnapokagua usalama, msihesabu dakika za mgeni tu, hesabuni saa za mwonyeshaji. Na taa zinazomweka, zile zinazofanya feni inayozunguka au matone ya maji yanayoanguka yaonekane yamesimama, zipime: kanuni inayotambulika kwa maudhui ya skrini ni kutozidi mweko mara tatu kwa sekunde, kwa sababu ya wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Taa hizo mara nyingi hupita kiwango hicho, kwa hiyo ziwe nyuma ya pazia, na onyo liwe nje ya pazia. Nimeshakuta onyo limebandikwa ndani.

Kuna tukio jingine ambalo kila mwandaaji angepaswa kulifahamu. Tarehe 6 Septemba 1901, Rais William McKinley wa Marekani alipigwa risasi akiwa katikati ya maonyesho makubwa mjini Buffalo. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa hapo ilikuwemo mashine ya eksirei. Madaktari waliitafuta risasi moja wasiione, na mashine ile haikutumika kumtafutia. Alifariki siku nane baadaye. Pengine isingemwokoa, kilichomuua ni kuoza kwa jeraha la ndani. Lakini hebu fikirini: chombo cha kuonea ndani ya mwili kipo uwanjani, mwili unaohitaji kuonwa ndani upo uwanjani, na viwili hivyo havikukutana. Kilikuwa kimewekwa kiwe maajabu. Kitu kikishakuwa maajabu, watu hawakiiti kwenye kazi.

Nirudi kwenye kamera, zile zinazotambua nyuso. Miaka hii karibu kila maonyesho yana banda la akili mnemba linalokukisia umri, jinsia na furaha. Nilimwona bwana mmoja mashine ikikataa kumwona. Miraba ya kijani ilikuwa inawazunguka wenzake nyuso zote, yeye hapana. Akavua kofia. Akajifuta jasho. Akasogea, akatabasamu kwa nguvu, meno yote nje. Hapana. Akageuka kwa mwanafunzi akasema, "Samahani." Aliomba radhi! Mashine imeshindwa kazi, na aliyeomba msamaha ni yeye.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti wa mifumo mitatu ya biashara iliyokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kiwango cha juu cha makosa kilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kilifika asilimia 34.7. Mashine hizo zilikuwa zikiuzwa. Kwa hiyo banda la nyuso lisilomwambia mgeni hilo linamfundisha bwana yule kwamba tatizo ni uso wake. Ninachotaka ni chepesi: taa moja inayosogezwa, ili mgeni aiweke juu, pembeni, nyuma yake, aone mraba unakuja na kupotea, na kibao kidogo kinachosema mfumo huu ulifunzwa kwa nyuso za aina gani. Kama wenye mradi hawajui ulifunzwa kwa nyuso gani, nadhani swali la majaji lingeanzia hapo.

Na zile nyuso zinakwenda wapi? Wahenga walisema macho hayana pazia. Sawa, lakini macho ya mtu husahau, diski haisahau. Nimewahi kukuta, wiki mbili baada ya maonyesho, kompyuta ya banda yenye folda ya maelfu ya nyuso, nyingi za watoto wa shule, hazina ulinzi wala mwenyewe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Programu iliwekwa ihifadhi wakati wa majaribio, hakuna aliyekumbuka kuizima. Nilizifuta mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kama nilikosea kanuni, kanuni yenyewe haikuwepo. Iandikeni: banda lisihifadhi picha ya mgeni, na likihitaji kuhifadhi, lieleze kwa maandishi makubwa kabla mtu hajaingia mbele ya kamera.

Kuhusu miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha aliyeivaa ulimwengu wa kompyuta, sina mengi. Mmoja anaona, ishirini wanamtazama akipapasa hewa. Wekeni angalau skrini ya nje, na kitambaa cha kufutia.

Bajeti nayo si kisingizio, na hapa mtakubali nicheke kidogo. Banda lililowahi kukusanya watu wengi kuliko yote niliyoyaandaa halikuwa na umeme. Lilikuwa sanduku kubwa la kadibodi lenye giza ndani, tundu dogo upande mmoja, karatasi nyeupe upande wa pili. Ukiingiza kichwa unaona ukumbi mzima juu chini, watu wakitembea kwa vichwa. Mwanasayansi Ibn al-Haytham aliieleza tabia hiyo ya mwanga miaka elfu moja iliyopita. Tuliweka vibao vitatu vyenye matundu ya ukubwa tofauti, mgeni abadilishe mwenyewe. Tundu kubwa linaleta mwanga mwingi na picha yenye ukungu. Dogo linaleta picha kali lakini hafifu. Hupati vyote. Mzee mmoja alikaa pale karibu nusu saa akibadilisha vibao, akatoka akasema, "Kumbe kamera yangu inajadiliana." Sijawahi kusikia maelezo bora ya upenyo wa lenzi.

Mfano mwingine ni sanduku la mchanga lililotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Davis, na kuigwa sehemu nyingi duniani. Kamera inayopima umbali inatazama mchanga kutoka juu, projekta inamwaga rangi za ramani juu yake: vilele vyeupe, mabonde ya kijani, maji ya bluu. Ukichimba, ziwa linatokea. Ukikunjua kiganja juu ya mchanga, mvua inanyesha hapo na maji yanatiririka kufuata mteremko. Hakuna anayemwambia mtoto afanye nini. Anaubomoa mlima, ramani inabadilika mikononi mwake. Na mnajua linafia wapi kila mwaka? Chini ya taa kali au kando ya dirisha, kwa kuwa nafasi zenye kivuli hugawiwa wadhamini wenye mabango yanayojiwakia yenyewe. Waulizeni mafundi kabla ya kugawa ukumbi. Ni swali la dakika tano.

Alikuja pia mtu asiyeona, ameshikwa mkono na binti yake. Akasimama katikati ya skrini zetu zote akauliza, kwa upole kabisa, "Na mimi hapa nashika nini?" Tangu hapo kila banda langu lina kichwa cha mbao kilichokatwa vipande vyembamba kama mkate, kila kipande kimechongwa kilichomo ndani yake. Ndivyo inavyofikiri skana ya CT, mashine ya hospitali inayopiga picha ya mwili kipande kwa kipande. Godfrey Hounsfield na wenzake walimpiga mgonjwa wa kwanza picha kwa mashine hiyo mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, na kilichotoka kilikuwa kipande kimoja cha kichwa, kama ukurasa. Wageni huvichanganya vipande kisha hujaribu kuvipanga tena kwa vidole. Wanaoona ndio hukosea zaidi.

Sasa majaji. Fomu zenu za alama zina ubunifu, soko, uwasilishaji. Mwonyeshaji ana dakika tatu, amekariri hotuba, jaji anatazama slaidi. Ongezeni mstari mmoja: jaji aiharibu picha kwa mkono wake, mwonyeshaji aeleze kwa nini imeharibika. Mtaona baadhi ya mabanda yaliyozoea kushinda yakianza kutoa jasho. Na mwanafunzi anayejibu "hilo sijui, tujaribu tuone" msimkate alama. Mpeni kiti pia. Siku nzima wima ni mateso, na mtu aliyechoka hurudi kwenye hotuba aliyoikariri.

Lakini alama mpya na vitufe na vibao vyote havitafaa kitu kama bado tunaogopa mashine kukwama mbele za watu. Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyeanzisha Exploratorium, jumba la maonyesho ya sayansi mjini San Francisco, mwaka 1969, aliiacha karakana ya kutengenezea vifaa mahali ambapo wageni wanaiona, kelele na vumbi lake. Nikikumbuka usiku ule wa rekodi najua tulichopaswa kufanya. Tungefungua sanduku, tukatoa nyaya mezani, tukaandika kwa kalamu nene: "Imekwama. Tunaitengeneza. Karibu utazame." Yule msichana angekaa hapo asubuhi nzima, namjua mtoto wa aina hiyo. Pengine hata angetuambia tatizo liko wapi.

Basi kwa maonyesho yajayo naomba nafasi ya mita nne kwa tatu mbali na dirisha, pazia jeusi, na ruhusa iliyoandikwa kwamba banda likikwama tunalitengeneza palepale. Rekodi sitaweka tena, hata nikiamriwa. Na jelatini inahitaji kuganda usiku mzima kwenye jokofu, sasa jokofu la ukumbi huwa limefungwa na kila mwaka hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani. Nijulisheni mapema.

Wenu katika kazi,
Fundi wa maabara ya picha